Kabla ya kununua kozi ya tano ya gitaa, hesabu zilizo stoo

NAMANGA. Fuso lenye vitunguu kutoka Mang'ola limekaa kwenye foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, na mwenye mzigo hana la kufanya ila kusubiri. Nyaraka ziko kwa wakala wa forodha. Yeye ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mgahawa wa chai, simu mkononi. Haangalii bei ya vitunguu sokoni Nairobi. Anaangalia saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma.

Saa hiyo iko juu ya tangazo la kozi ya gitaa: masomo 84 ya video ya kumfundisha mtu kupiga solo za jazi za kubuni papo kwa papo. Mwalimu yuko Marekani. Bei iliyofutwa kwa mstari ni dola 297, na iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni dola 127. Zimebaki saa tisa na dakika arobaini, kisha, kwa mujibu wa tangazo, bei itarudi ilikotoka.

Dola 127 ni zaidi ya shilingi 16,000 za Kenya. Kwa mfanyabiashara huyu, hiyo ndiyo pesa ya kupakia, kupakua na kumlipa wakala kwa safari moja, na chenji inabaki. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa maelezo kuwa wanaomdai wasingependa kujua fedha nyingine huenda wapi.

Ana umri wa miaka 47. Alianza gitaa akiwa na miaka 39. Kozi anayoitazama, akiinunua, itakuwa ya tano.

Simu inaita. Ni mkewe, anayeshika daftari la duka lao Arusha. Anauliza mzigo umefikia wapi, anaambiwa. Kisha anauliza kuhusu ujumbe wa benki ya simu ulioonyesha kuwa mumewe ameweka fedha kwenye kadi ya mtandaoni usiku uliopita.

"Baba, ile ya mwaka jana umeimaliza?"

Mume anajibu kuwa foleni imeanza kusogea, atapiga baadaye. Foleni haijasogea.

Wiki tatu za kuamua

Kinachomsukuma si tamaa ya vitu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, bendi ya watu wanne hupiga jazi katika ukumbi wa hoteli moja Arusha: kinanda, besi, ngoma na gitaa. Gitaa ni yeye, kwa mwaka wa pili sasa. Anapiga rithimu, na anazipiga vizuri kodi zake, zile za gitaa, si za forodhani. Lakini zamu ya solo ikimfikia, hutikisa kichwa na kumwachia mpiga kinanda.

Mwezi uliopita kiongozi wa bendi alimweleza kwa upole kuwa wageni wameanza kugundua. Ijumaa ijayo ya mwisho wa mwezi gitaa lichukue solo, hata moja. Ikishindikana, kuna kijana kutoka Moshi anayetaka kujaribiwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Ndiyo maana tangazo lile lilimkuta mahali pabaya. Lilimwahidi kile hasa alichokuwa akikikosa, kwa bei ambayo angeweza kujishawishi kuwa ni ndogo, na kwa muda uliokuwa ukiisha mbele ya macho yake.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaifahamu hali hiyo kwa upande wa pili wa meza. Mteja akiambiwa kuwa mzigo ni wa mwisho na wa bei hiyo hautakuja tena, hununua kwanza akahesabu nyumbani. Hata muuzaji mwenyewe hufanya vivyo hivyo anapokuwa mnunuzi.

Stoo yafunguliwa

Mkewe ndiye aliyependekeza njia ambayo wote wawili wanaitumia dukani: kabla ya kuagiza, hesabu kilichopo. Jioni ya siku ile, Fuso likiwa limeshavuka kwenda Nairobi, waliketi na daftari jipya na kuziandika kozi zote nne kama bidhaa.

Kozi ya kwanza ilikuwa ya dola 49, ya kodi za jazi kwa wanaoanza. Ameitazama yote na kuirudia. Ya pili, dola 79, ni ya skeli. Ametazama theluthi. Ya tatu, dola 97, inafundisha vipande vya solo vya kukariri. Ametazama masomo sita ya mwanzo. Ya nne, dola 120, ndiyo ya mwaka jana aliyoulizwa kwenye simu. Ameona utangulizi na somo la kwanza.

Jumla ni dola 345. Saa za video zilizomo ni 61. Alizotazama ni 19, na zilizobaki ni 42.

Mke akauliza swali la mtu asiyepiga gitaa: saa moja ya video inahitaji saa ngapi za mazoezi? Mume alikadiria saa tano, akiongozwa na ile kozi ya kwanza aliyoimaliza. Saa 42 mara tano ni saa 210. Akitoa nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, anapata saa tatu kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, mzigo uliomo stoo ungemchukua wiki 70, yaani mwaka mmoja na miezi minne, kabla hajahitaji hata somo moja jipya.

Hesabu hiyo ilionyesha jambo la pili ambalo hakulitarajia. Kila anachokipiga hotelini siku za Ijumaa kimetoka kwenye kozi ya dola 49, ile ya bei ndogo kuliko zote na ya pekee aliyoimaliza. Dola 296 zilizofuata hazijatoa sauti hata moja mbele ya watu.

Waliposoma vichwa vya masomo, waligundua pia kuwa kozi ya pili, ya tatu na ya nne zote zina sura ya mwendo uleule wa kodi tatu unaofundishwa katika kila darasa la jazi duniani, ule wanaouita mbili-tano-moja. Tangazo la kozi ya tano lilikuwa na masomo 14 ya mwendo huohuo. Alikuwa karibu kununua bidhaa aliyonayo tayari kwa jina na kifungashio kingine.

Kwa nini ya tano huvutia

Kununua kozi kuna raha yake. Kwa siku mbili tatu mtu anahisi ameshasogea. Anaona orodha ya masomo, anajiona mbele, na hakuna anayemsikia akikosea. Mazoezi ni kinyume chake: dakika kumi za kwanza humwonyesha mtu hasa pale asipoweza.

Kozi mpya pia huanza na masomo rahisi. Anayekwama somo la saba la kozi moja hupata nafuu akianza somo la kwanza la nyingine. Akikwama tena, anaiona kozi kuwa ndiyo yenye kasoro. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuishi miaka mingi katika somo la saba.

Biashara yenyewe si ya ulaghai, na wala si mpya. Shule ambayo leo inaitwa Berklee ilianzishwa Boston, Marekani, mwaka 1945. Mwaka 1967 Jamey Aebersold, mpiga saksafoni wa jimbo la Indiana, alitoa santuri yenye bendi inayosindikiza, huku nafasi ya mpiga solo ikiachwa wazi ili mwanafunzi aijaze nyumbani kwake. Mfululizo huo ulifika zaidi ya juzuu 130. Kwa mtu anayeishi mbali na wapigaji wenzake, santuri hiyo ilikuwa bendi nzima ndani ya chumba. Kozi za mtandaoni za leo zimefuata njia hiyohiyo, na kwa aliye Namanga, Busia au Goma asiye na mwalimu wa jazi mtaani, zinaweza kuwa mlango pekee.

Swali ni nini hutokea baada ya mlango kufunguliwa.

Walioanza na santuri chache

Wapigaji waliolipa gitaa la jazi sura yake hawakuwa na wingi wa masomo. Charlie Christian, aliyezaliwa Texas mwaka 1916 na kukulia Oklahoma City, alijiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 na kuonyesha kuwa gitaa la umeme linaweza kuongoza kama saksafoni. Alifariki mwaka 1942 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 25. Muda wote aliokuwa nao mbele ya dunia haukufika miaka mitatu.

Santuri zake zilimfikia kijana wa Indianapolis aitwaye Wes Montgomery, aliyezaliwa mwaka 1923. Montgomery alikuwa na karibu miaka 20 na ameshaoa alipolishika gitaa kwa bidii. Hakujua kusoma nota. Alichofanya ni kusikiliza solo za Christian na kuzitafuta kwenye nyuzi, moja baada ya nyingine, hadi akazipiga zilivyo. Kazi yake ya kwanza klabuni aliipata kwa sababu ya solo hizo za kunakili. Alipiga kwa kidole gumba badala ya kipande cha plastiki, sauti ikawa laini, na majirani wakalala. Kwa miaka mingi alifanya kazi kiwandani mchana na kupiga klabuni usiku. Mwaka 1960 ilitoka albamu iliyomtangaza duniani, akiwa na miaka 37.

Barani Ulaya, Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, aliungua katika moto wa mwaka 1928 na kubaki na vidole viwili tu vya mkono wa kushoto vya kutegemea katika solo. Miaka sita baadaye alikuwa katika kundi la Quintette du Hot Club de France, mjini Paris, ambalo muziki wake bado unanakiliwa leo.

Hakuna kati yao aliyekuwa na uchaguzi wa kozi 500. Walikuwa na santuri chache zilizosikilizwa hadi kuchakaa, na watu wa kupiga nao karibu kila usiku. Kipaji kilikuwapo, lakini hata kipaji kilihitaji vitu hivyo viwili.

Jazz za upande huu

Mwenye vitunguu hakulazimika kwenda Indianapolis kupata ushahidi. Arusha kuna mzee wa zaidi ya miaka 70, fundi wa amplifaya, ambaye ujanani alipiga gitaa katika bendi za muziki wa dansi. Siku nne baada ya hesabu ya stoo, mfanyabiashara alimpelekea amplifaya yenye mlio mbaya, akajikuta ameketi kwenye kigoda akieleza habari za kozi ya tano.

Mzee alilijua neno jazi kwa namna nyingine. Katika ujana wake, bendi nyingi za ukanda huu zilibeba jina hilo bila kupiga muziki wa Marekani: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na mbali zaidi, Leopoldville ya wakati huo ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, alikopigia Nicolas Kasanda, maarufu kama Dokta Nico, na OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, iliyokuja kuongozwa na Franco. Muziki ulikuwa rumba, cha-cha-cha na mitindo ya nyumbani. Jina lilikuwa heshima ya mjini.

Hata hivyo, kazi ya gitaa la solo ilifanana. Waimbaji wakinyamaza, magitaa hushika uwanja. Mpigaji huchukua kipande kifupi, hukirudia, hukigeuza kidogo, hukipandisha, akiwatazama wachezaji. Wakongo huiita sehemu hiyo sebene. Nayo pia haikufundishwa kwa kitabu.

Na wapigaji hao walikuwa watu wa kuvuka mipaka, kama walivyo wasomaji wengi wa barabara hii. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, walikoanzia katika Jamhuri Jazz, wakapiga Arusha chini ya jina la Arusha Jazz, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaingia Kenya, ambako walijulikana kama Simba Wanyika. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alipendwa Kenya kiasi cha kuwa na makundi ya mashabiki huko, na ni Kenya alikofia katika ajali ya gari mwaka 1979. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, na akawa sauti ya Dar es Salaam. Kila mmoja alivuka na alichokuwa nacho kichwani na vidoleni.

Mzee alimsikiliza mfanyabiashara hadi mwisho, akaweka chini chuma cha kulehemu.

"Hilo gitaa liweke pembeni kwanza. Niimbie hiyo solo."

"Solo ipi, mzee?"

"Hiyo unayotaka kuipiga Ijumaa."

Mfanyabiashara alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na kitu cha kuimba. Alikuwa na skeli saba, vipande kadhaa vya kukariri na mazoea ya vidole, lakini kichwani hapakuwa na wimbo wowote uliokuwa ukisubiri kutoka.

Mzee hakumcheka. Alimwambia kuwa zamani mpigaji mpya alikaa kwenye rithimu miezi mingi, mazoezi yakifanyika kila mchana, na aliporuhusiwa solo tayari alikuwa ameimba kichwani solo za mwenzake mara elfu. Kozi nne, alisema, zilikuwa zimefundisha vidole. Sikio lilikuwa bado nje ya geti.

Kipande kimoja chini, kimoja juu

Walikubaliana kazi ya siku 17 zilizobaki. Wimbo mmoja tu: bluzi ya bari 12 katika ufunguo wa F, ambayo bendi hufungulia kila Ijumaa. Hakuna video mpya.

Bluzi hiyo, katika umbo lake la msingi, ina kodi tatu: F7, B flati 7 na C7. Kila kodi ina nota nne, lakini mbili kati ya hizo ndizo zinazoitambulisha. Kwa F7 ni A na E flati. Bendi ikihamia B flati 7, nota hizo mbili hushuka kipande kimoja kimoja kwenye shingo ya gitaa: A inakuwa A flati, na E flati inakuwa D. Bendi ikienda C7, zilezile za F7 hupanda kipande kimoja kimoja: A inakuwa B flati, na E flati inakuwa E.

Yaani bluzi nzima inaweza kufuatwa kwa vidole viwili vinavyoshuka kipande kimoja, vinarudi, vinapanda kipande kimoja, vinarudi. Mtu akiziimba nota hizo huku bendi ikipita, atakuwa anajua aliko hata akifumba macho. Somo hilo, kama alivyokuja kugundua, lilikuwa ndani ya kozi ya pili, dakika chache baada ya pale alipoachia.

Wiki ya kwanza hakupiga chochote ila nota hizo mbili, akiziimba kabla ya kuzipiga. Alifanya hivyo dukani kabla ya kufungua, na mara moja ndani ya Fuso kwenye mzani, dereva akidhani anaumwa. Wiki ya pili aliongeza kitu kimoja: sentensi fupi ya nota nne au tano, kisha kimya cha bari moja, kisha jibu. Kimya kilikuwa kigumu kuliko nota. Jioni alijirekodi kwa simu na kusikiliza asubuhi yake kwenye foleni ya mpakani, masikio yakiwa yamepoa.

Zilizobaki alizitumia kunakili solo moja tu ya bari 12, kwa kuisikiliza na kuitafuta, kama kijana wa Indianapolis. Ilimchukua jioni kadhaa. Kozi ya tatu ilikuwa na vipande 50 vya namna hiyo vimeandikwa tayari, na hakuna hata kimoja alichokikumbuka.

Lini inafaa kununua

Hesabu ya mfanyabiashara huyu haina maana kuwa kozi ni hasara. Ile ya dola 49 imemlipa kila mwezi kwa miaka miwili. Inaonyesha tu kuwa uamuzi wa kununua nyingine una maswali yake, na yanajibiwa kabla kadi haijatolewa.

La kwanza ni kama mnunuzi anaweza kulitaja pengo lake kwa sentensi moja. "Nataka kupiga solo vizuri" si pengo. "Napotea bari ya tisa bendi inapohamia C7" ni pengo. Mwenye sentensi ya pili anaweza kufungua orodha ya masomo akaona kama jibu limo. Mwenye ya kwanza ataridhishwa na tangazo lolote.

La pili ni kama jibu halimo katika alizonazo. Kupitia vichwa vya masomo ya zamani huchukua jioni moja na hakulipiwi.

La tatu ni kama kozi ina mtu anayesikiliza. Video haiwezi kumwambia mwanafunzi kuwa anawahi mapigo. Baadhi ya walimu hupokea rekodi za wanafunzi na kuzijibu, na hiyo ni bidhaa tofauti kabisa na maktaba ya video, hata kama bei zinafanana. Wakati mwingine saa mbili na mpigaji wa mtaani hufanya kazi ambayo masomo 84 hayawezi.

La nne ni gharama yenyewe. Bei ya dola siyo bei ya mwisho: kuna kiwango cha kubadilishia fedha cha mtoa kadi, ada ya muamala, na kodi ya ongezeko la thamani inayoweza kuongezwa mwishoni kulingana na nchi. Kuna data ya kutazamia video, isipokuwa kozi inaruhusu kupakua. Usajili wa kila mwezi hukatwa wenyewe hadi mtu aufute, kwa hiyo kadi ya mtandaoni isiachwe na salio. Masharti ya kurudishiwa fedha yasomwe kabla, hasa siku ngapi zinaruhusiwa.

La mwisho ni ile saa nyekundu. Bidhaa ya kidijitali haiozi wala haiishi stoo. Vitunguu vinaoza. Mwenye vitunguu ana sababu ya kuharakisha, mwenye video hana, na mnunuzi anaweza kumwacha asubiri.

Ijumaa

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na watu kama 30 Ijumaa ile, baadhi yao madalali wa nafaka waliokuja kwa chakula. Bendi ilifungua kwa bluzi katika F. Mpiga kinanda alimaliza zamu yake, akamtazama mpiga gitaa kama kawaida, tayari kuendelea.

Safari hii gitaa lilijibu. Alianza na nota mbili, akanyamaza bari moja, akarudi na nne. Duru ya kwanza ya bari 12 ilipita bila ajali. Ya pili, bari ya tisa, alipotea. Mkono ulisimama kwa bari mbili nzima na besi ikasikika peke yake. Kisha F ikarudi, naye akaidaka kwenye A, akamalizia kwa kipande kimojawapo cha solo aliyoinakili.

Makofi yalikuwa ya kawaida. Mkewe, aliyekaa meza ya nyuma, hakuona kosa lolote na alisema hivyo. Kiongozi wa bendi aliliona, na baadaye wakati wa kukunja nyaya alimwambia kuwa mwezi ujao achukue nyimbo mbili, na kwamba yule kijana wa Moshi bado atakuja, ili wawe na magitaa mawili.

Jumatatu asubuhi alikuwa tena Namanga na mzigo mwingine. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye barua pepe: punguzo lililotangazwa kuwa linaisha wiki tatu zilizopita lilikuwa limeongezwa, na sasa bei ni dola 117. Saa nyekundu ilikuwa ikihesabu upya.

Hakuufuta. Aliuhamishia kwenye folda aliyoipa jina la mwakani, akatoa daftari la stoo, na chini ya kozi ya pili akaandika somo analotakiwa kuanzia jioni hiyo. Pembeni yake aliandika: bari ya tisa. Wakala alikuwa akimwita kwa mkono kutoka upande wa pili wa barabara. Cheti cha afya ya mimea kilikuwa na tarehe isiyosomeka.